Batwa Wetu

Matusi ya wazi yana bei yake Kalemie. Mwite mwenzako mbwa sokoni, mbele ya mabeseni ya ndakala, dagaa wetu, na kabla ya jioni mtakuwa mmekaa kwa chifu wa mtaa: utatozwa faranga au kuku, utaomba radhi, mambo yataisha. Tusi ninalotaka kuliandikia historia halitozwi faini. Husemwa kwa upole, na watu wenye nia njema, aghalabu kanisani, na anayelisema yuko tayari kuapa kwamba hajamtukana mtu. Ni kijineno cha kumilikisha tu: "wetu". Batwa wetu wamekuja kulima. Tuwakusanyie nguo Batwa wetu. Siku hizi Batwa wetu nao wanasoma.

Kwa asiyejua kwetu: Batwa, ambao pia huitwa Bambote, ndio ambao Kifaransa kinawaita pygmées. Wako pande zote za mkoa wa Tanganyika wa Kongo: Nyunzu, Kabalo, Manono, Moba na hapa Kalemie, na wanazungumza lugha za majirani zao, Kiluba, Kitabwa, Kiholoholo, pamoja na Kiswahili. Mimi si mmoja wao. Baba yangu alikuwa Mluba aliyeletwa mjini na kazi ya reli, mama yangu Mholoholo wa kando ya ziwa Tanganyika. Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na kila darasa nililipa kazi ileile: nileteeni neno la heshima, tulitafutie nani limemvunjia heshima. Mji wetu haukuwahi kuninyima mifano.

Mfano wa kwanza ni wa zamani kuliko mji wenyewe. Kaskazini ya Kalemie ya leo, ufukweni, iko Mtowa. Katika miaka ya 1870 na 1880 misafara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji ilishuka hapo, kisha ikashika njia ya Umanyema, kwenda Kasongo na Nyangwe kutafuta pembe na watu. Mpelelezi Verney Lovett Cameron alipofika mahali mto Lukuga unapotokea ziwani mwaka 1874, na Stanley alipomfuata mwaka 1876, wapagazi na askari waliotoka nao pwani walijulikana kwa jina moja: waungwana.

Pwani, muungwana ni mtu aliyezaliwa huru. Huku bara neno lilinyooshwa. Mtoto aliyetekwa Umanyema, akatahiriwa, akapewa jina la Kiislamu, kanzu na gobori, aliweza kukua akajiita muungwana na bwana wake akiwa bado hai. Hakuhitaji hati ya uhuru. Alichohitaji ni mtu wa kusimama chini yake, na mtu huyo aliitwa mshenzi: mkulima wa kijijini, asiye na kanzu, asiyejua sala wala lugha ya msafara. Sikilizeni mpangilio wake, niliwaambia wanafunzi. "Muungwana" si tusi hata kidogo. Ni sifa. Unaweza kuisema siku nzima bila kumtaja mtu yeyote vibaya, na kila ukiisema umeshawagawa watu wa kijiji kizima mafungu mawili. Ndugu yake ni neno "ustaarabu", ambalo mpaka leo tunalitumia kusifu tabia njema, na ndani yake amekaa Mwarabu kama kipimo.

Hata Kiswahili cha Kongo Wazungu walikiita Kingwana, lugha ya waungwana. Basi lugha ninayoandikia ilifika ziwani ikiwa na ngazi yake tayari, na sisi wenyeji tukaanza kuipanda mmoja mmoja. Bibi mzaa mama alikuwa akisema juu ya mtu mwenye adabu: "Huyu si musenji", yaani si mshenzi. Hakuona kwamba kwa waungwana wa Mtowa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa musenji.

Nguvu ya waungwana haikudumu. Mwaka 1891 Kapteni Alphonse Jacques alikuja ziwani na msafara wa chama cha Kibelgiji cha kupinga utumwa, akajenga ngome akaiita Albertville kwa jina la mwanamfalme Albert wa Ubelgiji. Watu wa Rumaliza, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa ziwani, wakaizingira, na kati ya 1892 na 1894 dola ya Mfalme Leopold ikawavunja wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili katika mashariki yote ya Kongo. Bunduki ziliondoka, kanzu zikabaki chache. Neno "basenji", wingi wa musenji, hata hivyo halikuondoka na wenyewe. Wabelgiji waliliokota wakalitia katika Kifaransa chao cha kikoloni: les basenji, watu wa porini, wasioguswa na mji. Lilikwenda mbali kuliko lilivyotazamiwa. Wapenda mbwa wa Ulaya waliotwaa kutoka Kongo wale mbwa wasiobweka, na kuwaonyesha London katika miaka ya 1930, waliwaandika kwa jina hilohilo. Leo mtu wa Ulaya anampapasa mbwa wake kwa upendo akimwita basenji, na hajui kwamba anataja babu zangu.

Mji wenyewe ulikua kwa reli. Njia kutoka Kabalo, iliyojengwa na kampuni ya CFL, ilifika ziwani mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na mwisho wa mwaka huohuo Waingereza waliokuwa na vituo vyao hapa Lukuga waliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Baada ya vita zikaja karakana, bandari, makaa ya mawe ya Greinerville, kisha kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Watu walimiminika kutoka Kabalo, Kongolo, Manono, Moba. Ikabidi serikali itafute jina la watu hawa ambao hawakuwa tena wa kijijini na isingekubali kamwe kuwaita wenyeji wa mji. Amri ya mwaka 1931 ilileta jina: centre extra-coutumier, yaani makazi yaliyo nje ya mila. Tazameni umahiri wa karani aliyelitunga. Hakuna dharau inayoshikika. Ila mtu wa cité, mtaa wa Waafrika, kwa mujibu wa karatasi, alikuwa ametoka kwao na hajafika popote.

Baba alikaa huko "nje ya mila" maisha yake yote ya kazi, akilipa mahari, akizika, akitambika na akisuluhisha ndoa za wenzake kwa mila ileile ambayo karatasi ilisema ameiacha.

Katika ville, upande wa Wazungu, maneno yalikuwa madogo zaidi. Nyumba zilizotazama ziwa zilikuwa na kibanda nyuma kilichoitwa boyerie, makazi ya boy, na boy angeweza kuwa mzee mwenye wajukuu. Vibanda hivyo vingine bado vipo, vinapangishwa kwa wanafunzi na mafundi, na mpangaji atakwambia bila kusita: "Ninalala ku boyerie." Halafu kulikuwa na "tu" na "vous". Kifaransa kina njia mbili za kumwambia mtu "wewe", moja ya rafiki, mtoto na mtumishi, nyingine ya heshima. Baba alikisikia Kifaransa vizuri kuliko alivyokisema, na alichokumbuka zaidi juu ya Mzungu mmoja mwenye duka si bei zake wala mizani yake. Alikumbuka kwamba Mzungu huyo, kijana kwake, alimwambia "tu" mbele ya mke wake. Patrice Lumumba aliposimama Leopoldville tarehe 30 Juni 1960 mbele ya Mfalme Baudouin na kuhesabu machungu ya ukoloni, pamoja na viboko, jela na mashamba yaliyonyang'anywa alilitaja hili pia: kwamba mtu mweusi aliambiwa "tu", na si kwa urafiki, kwa sababu "vous" ilikuwa imewekewa Wazungu. Wageni walishangaa kusikia sarufi katika hotuba ya uhuru. Baba hakushangaa.

Lakini neno lililokomaa kuliko yote lilikuwa évolué. Aliyeitwa hivyo alikuwa amesifiwa: amesoma, anavaa suti, ana kazi ya kalamu, "ameendelea". Kuanzia 1948 aliweza kuomba kadi ya sifa ya uraia, na kuanzia 1952 kuomba kuandikishwa, jambo lililomkaribisha kisheria na Mzungu. Aliyeomba alipelekewa wakaguzi nyumbani. Jirani mmoja wa baba, karani, alijiandaa kwa ugeni huo kama anayemsubiri askofu. Alinunua uma na visu, akamfundisha mkewe kukaa naye mezani, akawahamishia watoto kitandani kutoka mkekani. Wakaguzi walitazama jiko, wakatazama choo, wakauliza kama mke anakula pamoja na mume. Nchi nzima, miaka sita baada ya amri ya 1952, walioandikishwa hawakufika 300.

Hili ndilo lililonifanya nilipende neno hilo darasani. Ukimwita mtu mmoja évolué umekwisha kuwaambia jamaa zake wote kwamba hawajaendelea, na hukutamka jina la hata mmoja. Na jirani yetu? Alipokuwa na hasira na shemeji zake wa kijijini aliwaita basenji. Tusi lililomshukia kutoka juu hakulirudisha juu, alilishusha. Ndivyo lilivyoshuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa Mzungu hadi kwa évolué, kutoka kwa évolué hadi kwa mtu wa cité, kutoka kwake hadi kwa mkulima. Mkulima naye alikuwa na mtu wa kumshushia. Alikuwa na Mutwa wake.

Biashara baina yao ilikuwa ya kale. Batwa walileta nyama ya porini, asali, ngozi, dawa za miti. Wakulima walitoa chumvi, chuma, mihogo. Wazee wa pande zote mbili walinisimulia kitu kimoja: kwamba Batwa ndio waliotangulia katika nchi hii, na wageni waliwakuta. Hata hivyo, kadiri mashamba yalivyopanuka na pori likarudi nyuma, kubadilishana kuligeuka utumishi. Familia ya Batwa ilihesabiwa kuwa ya familia fulani ya wakulima, ikaipalilia, ikaibebea, ikalipwa mihogo, nguo kuukuu au pombe. Baba akifa, mwana alirithi shamba pamoja na mazoea ya kusema "Mutwa wangu". Mwanamume wa Kiluba aliweza kumwoa binti wa Kitwa. Kijana wa Kitwa hakuthubutu kupeleka posa kwa Baluba.

Juu ya mazoea hayo lugha ilijenga nyumba yake. Haikuhitaji matofali makubwa. "Hata Batwa wanasoma", na hilo "hata" limebeba shule nzima mgongoni. "Amevaa vizuri, usingejua ni Mutwa", nalo ni pongezi. "Walikuwa watu watano na Batwa wawili." Hili la mwisho nililisikia kwa watu wa kila kabila na kila kiwango cha elimu, likisemwa kwa kasi ya kawaida ya kuhesabu abiria wa pirogi. Mara chache nilimwomba msemaji arudie hesabu yake. Alirudia vilevile, kisha akaniuliza kama nimekuwa kiziwi.

Wasomi walipokuja kuleta maneno safi, walilisafisha hilohilo. Leo ripoti, makongamano na redio husema "Batwa na Bantu". "Bantu" linasikika kama neno la maabara, halina harufu ya kijiji. Aliyelieneza ni Wilhelm Bleek, mwanaisimu wa Kijerumani aliyefanya kazi Cape Town. Katika sarufi yake iliyoanza kutoka mwaka 1862 alilitumia kuita kundi la lugha, kwa kuwa katika lugha hizo nyingi watu ni bantu, abantu, watu. Basi Mutwa wa Nyunzu anayeota kwa Kiluba na kusali kwa Kiswahili ni msemaji wa lugha ya Kibantu sawasawa na mimi. Ila ripoti inapoandika "Bantu na Batwa" na mkalimani akaisoma kijijini, kinachofika masikioni ni "watu na Batwa". Ni hesabu ileile ya pirogi, safari hii ikiwa na muhuri.

Na neno la Kifaransa? Pygmée lilitoka kwa Wayunani, kwenye kipimo cha mkono kutoka kiwiko hadi ngumi, na katika utenzi wa Homer ni jina la vijitu vinavyopigana na korongo. Ndilo lililoingia katika sheria ya Kongo ya Julai 2022 ya kulinda na kukuza haki za watu wa asili pygmées. Sheria hiyo ni hatua kubwa, na waliopigania ipitishwe, wakiwemo Batwa wenyewe, walijua wanachofanya: mtu haachi kuingia mlango uliofunguliwa kwa sababu jina lililoandikwa juu yake ni baya.

Sitadai kwamba maneno yalileta vita. Vita vililetwa na ardhi, ushuru, kazi isiyolipwa, viboko na wanasiasa. Kuanzia 2013 wanamgambo wa Batwa na wa Baluba walichomeana vijiji katika Nyunzu, Kabalo, Manono na Kalemie. Tarehe 30 Aprili 2015 wapiganaji wa Kiluba, wa upande wangu, walivamia kambi ya waliohama makazi iliyoitwa Vumilia 1, karibu na Nyunzu, wakaua Batwa wasiopungua 30 kwa mapanga, mishale na mashoka. Mwaka 2016 mapigano yalizuka tena upande wa Kabalo, safari hii kwa sababu ya ushuru ambao wakubwa wa Kiluba walitaka kuwatoza Batwa kwa viwavi wanaookota porini kwa chakula. Fikirini ushuru huo. Anayetoza ushuru wa viwavi vya porini lazima awe ameamini kwanza kwamba pori ni lake na waokotaji ni wake. "Wetu" haikushika panga, lakini ilikuwa imekwisha kuandika stakabadhi.

Kalemie ilijaa waliokimbia. Makambi yalitanda Katanika na kwingineko. Februari 2017 pande mbili zilikutanishwa hapa mjini, na mabaraza ya usuluhishi yakaundwa vijijini. Mimi niliombwa kuandika kumbukumbu katika vikao vya moja la mabaraza hayo, kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka. Katika kikao kimoja mwenyekiti, mtu mpole, alifungua kwa kuwakaribisha "Batwa wetu". Mzee mmoja wa Kitwa, aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, alisimama.

"Papa Mwenyekiti, asante kwa kutukaribisha. Lakini mimi nina baba yangu na alinipa jina. Nyinyi mlinipata lini?"

Mwenyekiti aliona haya, akasema hakukusudia ubaya, ni neno la mapenzi tu, kama vile mtu anavyosema watoto wetu.

"Najua, Papa. Watoto wenu wanakua, wanaoa. Mimi ni babu, na bado ni wenu."

Niliandika maneno yote mawili kama yalivyosemwa. Baadaye nililetewa kumbukumbu hizo zikiwa zimechapwa, na mahali pale palisomeka: "Mjumbe wa Batwa alitoa shukrani."

Wenzangu walimu hubishana nami hapa. Wanasema kumilikisha hakumaanishi umiliki: tunasema wazee wetu, mama yetu, mchungaji wetu. Ni kweli. Mutwa mwenyewe husema "mukubwa wangu" na hakuna anayedhani amemnunua mkubwa. Lakini mimi nina kipimo rahisi. Geuza sentensi. "Baluba wetu wamekuja kulima." Iseme mbele ya Mluba yeyote Kalemie, kwa upole wote ulio nao, ndipo utajua kama ni neno la mapenzi.

Wakiona nimeshinda hapo, huniuliza swali la pili, lililo gumu: basi tupige marufuku? Historia ya mji huu inanifundisha kutotegemea marufuku. Mwaka 1966 Albertville iligeuzwa Kalemie kwa amri. Mwaka 1972 Mobutu aliondoa monsieur na madame, kila Mzaire akawa citoyen au citoyenne, kuanzia waziri hadi mwuza ndakala, na Batwa wakawa raia sawa na wote katika salamu huku wakiendelea kupalilia kwa malipo ya mihogo. Amri inaweza kubadili jina la mji kwa siku moja. Haikuwahi kugusa "wetu", "hata" wala "na".

Maneno yaliyokufa hapa yalikufa kwa njia nyingine. "Muungwana" kama cheo liliisha pale waungwana walipopoteza bunduki na njia ya Mtowa. "Basenji" ikabaki bila mwenyewe, ikawa tusi la kumtupia yeyote, hata waziri. Évolué ilikufa mwaka 1960 wenyewe wakiwa hai, kwa sababu ofisi walizokuwa wakizisubiri zilifunguliwa bila kadi, na hakuna aliyebaki na mamlaka ya kukagua uma za mtu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoondolewa na somo la adabu. Yaliondoka pale aliyeitwa jina alipopata uwezo wa kutoitika.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama Kalemie inabadilika, sisikilizi kwanza redio inasema nini. Ninauliza mambo ambayo Batwa wenyewe wamekuwa wakiyadai katika mabaraza: kijiji chao kiwe na chifu wao, aliyeandikwa katika daftari la territoire, yaani wilaya, kazi ya shamba ilipwe fedha, kwa bei ileile anayolipwa mwingine, binti na kijana waoane kutoka pande zote mbili. Mahali nilikoona mawili ya kwanza yameanza, vijiji vichache tu, watu wanasema "Batwa wa kijiji cha fulani", kwa jina la chifu, kama wanavyosema Baluba wa kwa fulani. Hakuna aliyewafundisha. Wanafunzi wangu wa zamani ambao leo ni walimu nawashauri waendelee na kazi ya kutafuta maneno ya heshima, kwa sababu inanoa sikio. Lakini nawaomba pia wampe mtoto swali la nyongeza la kwenda nalo nyumbani: anayetulimia shamba letu analipwa nini, na nani alipanga bei hiyo?